Mchawi wa Taa Nilikuwa Mimi

Mwaka 2002 kijiji chetu kizima kilikuwa kinamsaka mchawi anayekula taa za sola.

Kikao kiliitwa. Mganga alitafutwa. Kuna bibi wa watu nusura achomewe nyumba.

Mchawi mwenyewe nilikuwa mimi.

Tulieni niwaelezeni. Waliokuwa na haki ya kulisikia jambo hili kwanza wameshalisikia, wale waliowahi. Leo nalisema kwa wote.

Naitwa Mwanamina. Kwetu ni upande wa Mahege, Kibiti hii ya sasa, enzi hizo bado tunahesabiwa Rufiji. Mume wangu, marehemu Abdala, alikuwa anakusanya korosho kwa niaba ya wafanyabiashara binafsi. Mnaikumbuka ile miaka soko lilipofunguliwa, kila mwenye mzani na magunia akawa mnunuzi? Basi naye alikuwemo, na msimu wa 1997 ulimkubali kwelikweli.

Wenzake wakaongeza wake. Yeye akaenda Kariakoo, akarudi na sola.

Laki tatu na nusu, jamani! Kwa pesa ile ungeezeka nyumba bati na kitanda ukanunua. Paneli pana kama meza, betri kubwa ya gari, taa mbili za tyubu na kitivii cha rangi nyeusi na nyeupe.

Watu wakamcheka. "Abdala kaenda Dar kununua jua! Jua hili hili la Mungu!"

Jioni taa ilipowaka, waliocheka ndio waliowahi kukaa mkekani.

Tangu siku ile nyumba yangu haikuwa na jioni ya kimya. Wanaume wako na TV yao yenye chenga, wanabishana kama ni goli au mpira umetoka, na mpira wenyewe hauonekani. Wanawake tuko upande wa pili na ukindu wetu, tunasuka mikeka. Kwa kibatari ulikuwa unasuka huku macho yanatoa machozi. Kwa tyubu unaingiza mpaka rangi.

Shoga yangu Rukaiya, nyumba ya tatu kutoka kwangu, alikuwa wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka.

Mungu alinijaalia mtoto mmoja tu, Hafsa, naye kaolewa Kilwa. Lakini sikuwahi kujiona mtu wa mtoto mmoja. Nyumba ilikuwa imejaa.

Mwaka 2000 Abdala akaugua malaria, ikampanda kichwani. Siku tatu tu, tukamzika.

Hata nilipokuwa kwenye eda, jioni wanawake walikuja. TV hatukuiwasha, ila taa iliwaka na ukindu ulisukwa. Nikajisemea, alhamdulillahi, mume kaondoka lakini watu kaniachia.

Halafu vikaja vile vipaneli vidogo.

Wati kumi na nne. Unakibeba kwapani kama ubao wa madrasa. Kilianza elfu themanini, mwaka uliofuata kikashuka mpaka sitini. Aliyetuletea ni fundi mmoja wa Bungu, Bwanaheri, baba wa watoto wanne, mpole, sauti yake mpaka umsogelee ndiyo uisikie. Anakuja na baiskeli, paneli kaifunga kwenye kanga ya mkewe.

"Taa mbili na redio," ndiyo kauli yake. "Mafuta ya taa unaagana nayo."

Akaanza na nyumba ya mwalimu. Akaja kwa mwenye duka. Watu wakiuza korosho zao, wanamwita Bwanaheri. Anakitega kipaneli ukingoni mwa paa la makuti, mtu mrefu anakigusa kwa mkono, waya unaingia ndani, kwisha kazi.

Siku moja Rukaiya akaja mbio.

"Shoga, njoo uone! Na mimi nimewaka!"

Nikaenda, nikapiga kigelegele. Kiliishia mdomoni tu.

Jioni ile hakuja. Nikasema leo ana ugeni wa taa, kesho atakuja.

Kesho hakuja.

Kufika masika ya 2002, nyumba kumi na moja zilikuwa na sola. Kijiji kinang'aa utadhani mjini. Kwangu pakazizima.

Niliendelea kutandika mikeka minne. Nilisuuza vikombe vya watu kumi na tano. Halafu nakaa. Nikisikia hatua za mtu nje, nanyanyuka, zinapita.

Jioni moja nikawasha TV nipate japo sauti ya binadamu. Mtangazaji akasema, "Hamjambo, watazamaji."

Nikamjibu, "Hatujambo."

Nilijisikia nikijibu. Nikaizima. Nikalia mpaka kanga ikalowa.

Sasa sikieni ujinga wa mtu mzima.

Marehemu alikuwa kanifundisha mambo ya sola. Aliniambia, nyuma ya paneli kuna nyaya mbili. Mmoja ukichomoka, taa haizimi papo hapo. Betri inapungua kidogo kidogo, siku ya pili, ya tatu, taa inafifia mpaka inakata. Na watu wa wakati ule hawagusi nyaya ng'o. Wanaogopa shoti.

Msimu wa mpunga kijiji kizima kinakuwa bondeni kuamia ndege wasile mpunga. Mchana unasikia kuku tu.

Nikabeba kigoda. Nikaenda kwa Rukaiya. Nikapanda, nikalegeza waya mmoja, nikashuka. Hata dakika mbili hazikufika.

Siku ya tatu jioni, hodi!

"Shoga, kitaa changu kimekata. Nimekuja kusukia kwako."

Wallahi nilifurahi kama bibi harusi. Nikapika chai ya tangawizi, nikaweka na mihogo. Tukacheka mpaka mbavu zikauma. Alipoondoka nililala usingizi ambao sikuulala tangu Abdala azikwe.

Ningekomea hapo. Sikukomea.

Bwanaheri akiitwa anakuja, anakaza waya, taa inawaka. Wiki haiishi nalegeza kwa mwingine. Kwa mwenye duka. Kwa mwalimu. Nyumba saba, jamani! Na jioni mkeka wangu unarudi kujaa.

Ila maongezi yaliharibika. Hakuna tena hadithi wala utani. Wanaongea kwa kunong'ona, wanatazamana.

"Hii si bure. Hiki ni kijicho."

"Kuna mtu hataki tuone mwanga."

"Nani hana sola? Nani anapitapita nyuma ya nyumba za watu mchana?"

Jina likapatikana. Bi Tabu.

Bi Tabu alikuwa kikongwe, anakaa peke yake mwisho wa kijiji. Sola hana, mafuta ya taa kwa shida. Mchana anaokota kuni nyuma ya nyumba za watu kwa sababu porini miguu haimfikishi. Basi, hiyo ndiyo ikawa hatia yake.

Wakaacha kumwamkia. Mtu akatupa jiwe juu ya paa lake. Vijana wakaanza kuchangishana nauli ya mganga aje kumtoa mchawi hadharani, na sote tulijua nyumba ya anayetolewa hadharani huishia majivu.

Na mimi nimekaa pale, nasuka.

Mwenyekiti wetu, Mzee Mwinyimvua, akaitisha kikao baada ya sala ya Ijumaa. Bwanaheri naye akaitwa aje aseme kama fundi.

Bi Tabu alikaa chini upande wake, peke yake. Hakuna aliyekaa karibu naye hata hatua kumi.

Nikasema moyoni, Mwanamina, simama. Sikusimama.

Akasimama Bwanaheri.

"Wazee wangu, mama zangu," akasema kwa sauti yake ile ndogo. "Hapa hakuna mchawi. Kosa ni langu. Nilitaka faida, nikafunga waya hafifu, viungo vikawa vinaachia vyenyewe. Kama kuna wa kulaumiwa, nilaumiwe mimi."

Kikao kikalipuka.

"Tapeli!"

"Umekula hela zetu!"

Kuna mmoja alimkwida shati. Mzee Mwinyimvua akawatenganisha, akatoa hukumu: afunge nyaya mpya nyumba zote kumi na moja kwa gharama yake, halafu asionekane tena kuuza kitu kijijini.

Akauza baiskeli yake akanunua waya. Alifanya kazi siku nne, anatoka nyumba moja kwenda nyingine kwa miguu, hata maji ya kunywa watu wanampa kwa kusita. Siku ya nne akaondoka kushika njia ya Bungu, begi la vifaa begani.

Na kwa kuwa mimi niliogopa nikaacha, taa hazikukata tena.

"Mmeona?" watu wakasema. "Kumbe kweli zilikuwa nyaya. Mwizi mkubwa yule."

Habari zikafika Ruaruke, zikafika mpaka Kibiti. Fundi wa waya mbovu. Nani atampa tena paa lake?

Jioni zangu zikarudi kuwa kimya. Safari hii nilikuwa na mzigo wa kukaa nao.

Mwaka 2006 nilikuwa natoka Dar kumuuguza ndugu. Basi likasimama Bungu, wauza matunda wakalikimbilia. Beseni la machungwa likainuliwa dirishani kwangu. Nikatazama mwenye mikono.

Bwanaheri.

Nikashuka. Basi likaondoka, nami sikujali.

"Shikamoo, Bi Mwanamina," akasema, kama tumeonana jana.

"Marahaba, Bwanaheri. Sola umeacha?"

Akacheka kidogo. "Sola ina wenyewe sasa. Kibiti yameshafunguka maduka, ushuru umeshuka, bei imekuwa ya kila mtu. Wanafunga nyumba tatu kwa siku. Mimi nipo na machungwa."

Nikasema tu, maana nisingesema pale nisingesema tena.

"Bwanaheri, nyaya zako hazikuwa mbovu. Nilikuwa nazilegeza mimi."

Akaendelea kupanga machungwa yake matano matano.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikuona. Siku ya nyumba ya mwalimu. Nilikuwa nimeitwa kwa mwenye duka, nikasema nitafika alasiri, nikafika asubuhi. Nikakukuta uko juu ya kigoda. Nikageuza baiskeli kabla hujaniona."

Nikakaa chini, palepale barabarani.

"Kwa nini hukunitaja?"

"Ningesema ni mtu, wangeuliza mtu gani. Nikikutaja wewe, unaunguzwa wewe. Nikinyamaza, anaunguzwa yule bibi. Nikaona bora wamkasirikie fundi. Fundi anarudi kwao. Nyinyi mngekwenda wapi?"

Halafu akaongeza taratibu, "Ila nilikuwa nasubiri useme. Mwaka wa kwanza nilisubiri sana."

Akanimenyea chungwa. Nikabaki nalo mkononi.

Kesho yake nilikwenda kwa Mzee Mwinyimvua, nikamwambia aniitie watu. Nikasimama mbele yao, nikasema yote, nyumba moja moja, kuanzia ya Rukaiya. Hakuna aliyepiga kelele. Wangepiga kelele ningepata nafuu.

Bi Tabu hakuwepo. Alikuwa keshafariki mwaka uliotangulia, na mpaka anaingia kaburini kuna watu walikuwa hawapitishi watoto mlangoni kwake. Aliyemsafisha jina alikuwa fundi, na hao hawakumwamini fundi. Maneno yangu ndiyo yangemsafisha. Yalichelewa.

Mwenyekiti alimtumia Bwanaheri watu wawili wakamwombe radhi, wakamwambia arudi. Alikuja mara moja, akawapa mikono, akala nao wali. Kazi hakuirudia. Mtaji ulikwisha, na soko halikumsubiri.

Wapo walioacha kunisalimu mpaka leo. Siwalaumu.

Jioni ya siku ile ya kikao Rukaiya alikuja. Hakubeba ukindu. Akakaa kizingitini, hakuingia.

Nikamwambia, "Nitukane, shoga. Nimestahili."

Akauliza, "Ulikuwa unataka tuje tu? Hilo tu?"

"Hilo tu."

Akaanza kulia.

"Mwanamina, unajua kwa nini nilinunua ile sola? Niliuza mbuzi wangu wawili. Tulikaa sisi wanawake tukasema, huyu mwenzetu kafiwa, kila jioni tunamjazia ukumbi, chai yake, sukari yake, betri yake tunaimaliza, na mwanamume wa kununua nyingine hayupo. Tukasema kila mtu ajitahidi apate taa yake, tumwache mwenzetu apumzike. Tulikuonea huruma."

"Sasa mbona hamkuniambia?" nikamuuliza.

"Na wewe mbona hukutuambia?"

Tukakaa hivyo, yeye kizingitini, mimi ndani, mpaka adhana ya isha. Mwaka uliofuata mwanawe akamchukua wakaishi Ikwiriri. Tunapigiana simu sikukuu kwa sikukuu.

Ndugu yangu unayesoma, upweke si dhambi na wala si aibu. Ukiwa nao, usiutegee watu mitego. Nenda kagonge mlango wa jirani, sema, "Nimekuja, nimechoka kukaa peke yangu." Kwangu mimi maneno hayo yaligoma kutoka, na walioyalipia ni fundi wa watu na bibi wa watu.

Na wewe unayemwonea mtu huruma, usimhurumie kwa mbali. Mwulize kwanza.