Pipa la Lanthani

Huku kwetu, kati ya Nakuru na Njoro, mtu akicheka mbele ya wageni hufunika mdomo kwa kiganja. Watu wa mbali hudhani ni haya, kumbe ni meno. Maji ya visima vyetu hutoka chini ya mawe ya volkano yakiwa safi na matamu, lakini yana floraidi nyingi. Hiyo huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia, na mtu akizeeka humkaza mifupa. Mume wangu miaka yake ya mwisho hakuweza kunyoosha mgongo hata alalapo. Watoto wangu wote wana meno ya kahawia, na namshukuru Mungu kwa kila mmoja. Ila mjukuu wangu alipoletwa nimlee, niliomba jambo moja tu: meno yake ya ukubwa yatoke meupe.

Kwa hiyo mhadhiri wa kemia alipokuja kanisani kutufungia pipa la kuchuja floraidi kando ya kisima, nilimwona kama jibu. Ndani ya pipa alimimina chembe nyeupe mithili ya mchele uliovunjika, akasema zimepakwa lanthani. Kisha akatuonyesha chuma chenyewe, kipande kidogo kilichohifadhiwa ndani ya mafuta. Alikikata kwa kisu cha jikoni, na pale palipokatwa pakang'aa. Tulipomaliza chai palikuwa pameshaingia ukungu wa kijivu.

"Hiki hakiwezi kukaa peke yake," alisema. "Kikiona hewa, kinaishika. Na kikiona floraidi, kinaikumbatia kabisa."

"Kama mama mkwe wangu na mwanawe," akasema mwenyekiti wa akina mama.

Tulicheka. Mhadhiri akatoa kichupa cha dawa nyekundu, nayo pia imetengenezwa kwa lanthani. Alidondosha kidogo katika maji ya kisima, wekundu ukageuka buluu. Katika maji ya pipa dawa ilibaki nyekundu. Akatuambia buluu ni floraidi, tukiiona tusimpe mtoto maji hayo, akaondoka na kichupa chake, akiahidi kurudi kila mwezi kupima.

Halafu wahadhiri wakagoma, naye hakuja.

Jumapili ya mavuno ilipokaribia, pipa lilianza kunuka kama kitambaa kilichosahauliwa ndani ya beseni. Akina mama walifanya yale ambayo mama yeyote wa hapa angefanya: walichemsha maji, wakakoroga magadi, yaleyale tunayotia kwenye githeri ili mahindi yalainike, wakayamwaga ndani. Harufu ikaisha. Tangu hapo, kila Jumamosi, kikopo cha magadi kiliingia pipani.

Maji yakawa laini ajabu. Maharagwe yaliiva kabla sijamaliza kupepeta mchele. Ibadani wanawake walisimama kushuhudia wema wa Bwana, nami nikasema amina. Lakini asubuhi, nikikoroga uji wa mtoto, niliona maji yanateleza vidoleni kana kwamba yana sabuni, na moyo wangu haukutulia. Nilidhani ni uzee.

Mgomo ulipokwisha mhadhiri akaja. Alichota maji ya pipa, akadondosha dawa yake. Ikawa buluu, buluu kuliko ile ya kisima.

"Nani ametia nini humu?"

"Tumeosha tu, mwalimu," mwenyekiti akajibu.

"Mmeosha kwa kitu gani?"

"Kwa magadi. Wacha kushtuka, hata mama yako alikulea kwa githeri ya magadi."

Hakucheka. Alikaa juu ya ndoo, akatueleza polepole kama anayetangaza msiba. Lanthani hushika floraidi maji yakiwa ya kawaida. Magadi yakiyabadilisha maji, mshiko hulegea. Floraidi yote iliyokuwa imekusanywa pipani ilianza kutoka, na magadi yenyewe yana floraidi yake kutoka ziwani. Mwenyekiti alivua kitambaa cha kichwa, akakikunjakunja mikononi.

Nilimuuliza kuhusu mjukuu wangu. Alitaka kujua umri wake. Nilipomwambia, alitazama chini.

"Mama, katika umri huo meno ya ukubwa yanaundwa ndani ya ufizi. Pengine hayakudhurika. Hatutajua hadi yatoke."

Pipa likajazwa chembe mpya. Sikumlaumu mtu, na mtoto nikamhamishia kwenye maji ya mvua. Nikangoja, miaka ikapita. Kungoja nimefundishwa tangu ujana, na bado ni kazi ngumu.

Juzi alinijia mbio, jino la mbele limo kiganjani, damu kidogo mdomoni.

"Shosho, jipya limefika? Ni jeupe?"

Nilimwambia afumbe macho tuombe kwanza. Tulipomaliza nilimwekea kidole kwenye pengo. Chini ya nyama laini palikuwa na ncha ngumu, inakuja.

"Shosho, unaona nini?"

"Bado, mpenzi," nilisema, kidole kikiwa palepale. "Fumba macho, tuongeze sala nyingine."