Tuligeuza kanda ya harusi ya wazazi kuwa mchezo wa nyimbo, shangazi akasimama katikati ya onyesho

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Ninayoandika ni kweli tupu, na hata ningetaka kutia chumvi nisingeweza. Dada yangu Dama ni member humu, atanisahihisha kabla chai yangu haijapoa.

Sisi ni watu wa Mikindani. Baba ni dereva wa kreni mstaafu, Mama ni fundi cherehani tangu usichana wake. Na nyumbani tuna filamu moja tu ya maana: kanda ya harusi yao, ambayo siku hizi iko kwenye flash.

Kila Krismasi lazima tuitazame. Tunaijua kwa moyo. Mpiga picha wa siku hiyo alikuwa na mapenzi ya ajabu na viatu vya watu, kwa hiyo robo ya harusi ya wazazi wangu ni miguu.

Lakini kuna dakika moja ambayo haimchekeshi mtu.

Shangazi Mbeyu, dada mkubwa wa Baba, amesimama karibu na keki, amevaa gauni la manjano. Anapewa maikrofoni amwimbie bibi harusi wimbo wa kumkaribisha kwao. Anainua mkono kuipokea, anasita, anairudisha mezani. Kisha anatoka kinyumenyume, hatua kwa hatua, amemkazia Mama macho mpaka anapotea kwenye picha.

Harudi tena mpaka kanda inaisha.

"Mnaona?" Mama husema kila mwaka. "Hakunitaka. Hata mgongo hakunipa, alitaka niuone uso wake."

Basi mawifi hao wawili miaka yote wanasalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Shangazi anaishi Kisauni. Kwenye misiba anakuja, anafanya kazi, na hagusi chakula cha kwetu.

Sasa mwaka huu ndoa imetimiza miaka thelathini. Dama, ambaye ni mwalimu wa muziki, akaja na wazo: tusiitazame kanda, tuicheze. Jukwaani, na nyimbo, mwanzo mpaka mwisho, kwenye ukumbi wa kanisa.

Nikapewa kuwa Baba. Binamu yetu Riziki akawa Mama.

Wakuu, msijaribu kuigiza maisha ya watu walio hai na wanaokupikia. Kila mmoja alikuwa na maoni.

Baba alinivuta pembeni. "Mwanangu, pale kwenye ngoma, huyo bwana harusi acheze vizuri kidogo."

"Lakini Baba, kwenye kanda unacheza kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni."

"Ndiyo maana nakuambia wewe sasa hivi. Na jasho, lipunguze."

Mama naye kwa siri akamwambia Dama bibi harusi asilie sana, asije akaonekana alilazimishwa. Kesho yake akabadili, alie kidogo, asije akaonekana alikuwa na haraka.

Kitu pekee ambacho hakikupingwa ni mpiga picha. Tulimtia kwenye mchezo, anatambaa jukwaani na boksi la biskuti begani akipiga picha viatu vya kila mtu. Huyo ndiye aliyependwa kuliko sote.

Tukafika kwenye dakika ya Shangazi. Dama alikuwa ameitungia wimbo mzuri mno, wa taratibu, wa mtu anayetoka mlangoni na chuki moyoni. Yeye mwenyewe ndiye angeuimba, na gauni la manjano.

Nikasema tuuondoe. Mama akakataa.

"Uwekeni. Ndivyo ilivyokuwa. Kanda haisemi uongo."

Nikamgeukia Baba. Baba akakumbuka kwamba mchicha wake haujamwagiliwa, akatoka.

Tatizo ni kwamba Baba alikuwa ameshamwalika dada yake. Na Shangazi alikuwa ameshakubali.

Nikatumwa Kisauni kumwandaa. Nilifika, nikasema shikamoo, nikaitikiwa marahaba, nikaandaliwa chai na mahamri. Shangazi akaniuliza kazi, akaniuliza mke nitaoa lini. Nikala mahamri saba. Kila nilipofungua mdomo kusema neno, nilitia hamri.

Nikarudi nyumbani, Dama akaniuliza, "Umemwambia?"

Nikamjibu, "Yuko tayari." Hapo ndipo nilipodanganya, na ni aibu yangu mpaka leo.

Siku yenyewe, Jumamosi mchana, ukumbi umejaa. Watu wa kwaya, majirani, ndugu kutoka Kaloleni. Shangazi Mbeyu amekaa safu ya pili, kitambaa kichwani, mkoba mapajani. Mama safu ya kwanza, hakugeuka nyuma hata mara moja.

Nikacheza ngoma ya Baba. Ukumbi ukacheka, Baba akawa anawaambia waliokaa naye kwamba haikuwa hivyo.

Kisha Dama akaingia na gauni la manjano. Akaimba. Akaweka maikrofoni mezani, akaanza kurudi kinyumenyume.

"Wewe Dama! Simama hapo hapo."

Shangazi alikuwa wima.

"Abee, shangazi."

"Nani kakwambia nilitoka na chuki?"

Dama akanitazama mimi. Mimi nikatazama viatu, kama mpiga picha.

"Gauni lilichanika!" Shangazi akasema. "La kuazima, tena la kubana. Nilipoinua mkono kushika hiyo maikrofoni, nikasikia nyuma *praaa*, mpaka kiunoni. Wachungaji wawili wamekaa mbele yangu, karibu na bibi harusi, na nyuma yangu ni ukuta. Ulitaka niwageuzie mgongo?"

Wakuu, miaka yote tumemwona anatoka kinyumenyume, na hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini.

Mama akageuka polepole. "Wifi, macho yale je?"

"Nilikuwa nakuomba msaada kwa macho! Wewe ukanuna. Nikaenda kubadili nguo, narudi mmeshaondoka. Kesho yake nasikia kwenu wanasema nimekataa kukuimbia. Nikasema, kama wameamini, basi na waamini."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

Mama akasimama. Mdomo unamtetemeka, nikadhani sasa kimenuka, ni ugomvi. Kumbe anazuia kicheko.

"Mbeyu. Mimi ni fundi cherehani. Ningekushonea dakika tano, na shela yangu kichwani!"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Baba alicheka mpaka akatoa leso, na sidhani yote yale yalikuwa machozi ya kicheko.

Shangazi akapanda jukwaani, akachukua maikrofoni pale mezani, akamwimbia Mama wimbo wake. Sauti inakwaruza, mpiga kinanda anamfukuza huku na huko bila kumpata. Ubeti wa pili alikuwa ameusahau, akarudia wa kwanza mara tatu. Mama alisimama kama bibi harusi, mikono mbele, mpaka mwisho.

Halafu Shangazi akala pilau yetu. Sahani mbili.

Msidhani sasa ni malaika. Juzi wamegombana kwenye simu saa nzima kuhusu chumvi ya pilau hiyo hiyo. Nami Shangazi ameniambia, "Ulikula mahamri saba ukashindwa na neno moja."

Nilichojifunza: picha itakuonyesha mtu alifanya nini, haitakuambia kwa nini. Kabla hujamtungia mtu wimbo, nenda kamuulize. Na ukitumwa kusema neno, liseme.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Nani hapa amewahi kukaa na kinyongo cha mtu, kumbe ni gauni tu lilichanika? Na waliowahi kuigiza wazazi wao, nishaurini. Baba anataka turudie onyesho, mara hii anataka kucheza mwenyewe.