Pale Fundi Anaponyamaza

Treni ilikuwa haijasimama sawasawa Mama Kwaya alipomuuliza abiria mwenzake mahakama iko upande gani. Mji ule hakuwahi kuukanyaga. Stesheni ilinukia chuma na chai, kama stesheni zote za ugenini. Aliteremka na mkoba wa nguo begani na bahasha ya kaki aliyoikumbatia kama mtoto mchanga. Humo mlikuwa na kurasa kumi na mbili: ripoti yake.

Alikuwa amefundisha kwaya miaka thelathini na mmoja, akastaafu, akadhani amepumzika. Kisha mahakama ikamwandikia. Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma alidai kwamba mwimbaji mwenye jina kubwa amemwibia wimbo, na hakimu, ambaye kwa kauli yake mwenyewe hajui kuimba hata bafuni, alitaka mtaalamu wa kumwambia kama nyimbo zile mbili ni moja.

Mama Kwaya alikuwa na namna yake ya kazi. Alisikiliza kila wimbo mpaka akamaliza kuuandika kwa noti, kisha akazima redio asiiwashe tena. Maneno aliyafuta, ngoma akazifuta, akaupanga wimbo mmoja juu na mwingine chini, kama fundi cherehani anavyolinganisha mikono miwili ya shati. "Sikio lina upendeleo," alizoea kuwaambia wanafunzi. "Karatasi haina shemeji." Noti kumi na saba kati ya kumi na tisa zililingana. Akaandika kwamba wimbo wa pili umenakiliwa, akatia sahihi.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, feni ikizunguka kwa uvivu. Fundi aliketi mbele, shati limenyooshwa, mikono imejaa alama za cheche.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Wakaishia hapo, kwani shahidi wa mahakama hapigi soga na upande wowote.

Wakili wa mwimbaji, aliyeketi kando ya mteja wake, alikuwa na ulimi mwepesi. "Mama, kurasa zako nzuri, ila sisi wengine noti tunaziona kama sisimizi waliokanyagwa. Tuimbie."

"Sikuja kuimba. Nimekuja kueleza."

"Tuimbie tu, mama," hakimu akasema. "Na mimi nipate cha kupeleka bafuni."

Watu wakacheka. Mama Kwaya akasimama, akaanza wimbo wa fundi bila maneno, la la la. Alipofika noti ya nne mabega yakashuka yenyewe, kidevu kikaingia ndani, mkono wa kushoto ukajiweka tumboni. Aliimba hadi mwisho. Hili lilikuwa zoezi la kupasha sauti! Alikuwa amewaimbisha watoto zoezi hilo kila asubuhi, miaka yote ile, kama alivyoimbishwa na mwalimu wake. Hakuwahi kuliandika hata siku moja; nani anaandika kitu kama hicho? Ndiyo maana macho yake hayakulitambua.

Akamtazama fundi, aliyekuwa akitabasamu. Angeweza kukaa kimya. Hakuna mwingine chumbani aliyejua. Fundi angepata wimbo wake, na yeye angerudi nyumbani na jina lake.

"Mheshimiwa," alisema, "ripoti yangu ina kosa. Zile noti kumi na saba si za fundi, wala si za mwimbaji. Ni zoezi la kwaya. Nimelifundisha mimi mwenyewe."

Wakili alitabasamu hadi jino la mwisho. "Kwa hiyo ulikuwa unatupotezea muda?"

"Nimejipotezea mimi kwanza."

Fundi alikuwa amesimama. "Mama, mimi sikuiba! Niliimba kwaya utotoni, miaka miwili tu..."

"Hakuna aliyesema umeiba, baba. Lilikukaa mwilini, kama lilivyonikaa mimi."

Akaomba ruhusa aimbe tena. Safari hii aliimba zoezi kwanza, kisha wimbo wa fundi, polepole, na baada ya noti ya tisa akatua kidogo.

"Hapa," alisema. "Kwenye zoezi hatukati, tunafunza pumzi. Fundi ananyamaza mipigo mitatu. Na mwimbaji naye ananyamaza mitatu, palepale. Kimya hiki nilikiandika, ila sikukihesabu. Nilihesabu noti tu."

"Sasa mteja wangu ameiba kimya?" wakili akauliza, na chumba kikaangua kicheko.

Hakimu hakucheka. Alimgeukia fundi. "Kwa nini unanyamaza hapo?"

"Ndipo ninaposhusha kinyago cha kukinga macho, mheshimiwa, nichome. Siwezi kuimba huku nalenga."

"Na wewe?"

Mwimbaji alimtazama wakili wake. "Ilinijia tu."

Hakimu akaandika kwa muda mrefu, kisha akaahirisha kesi hadi alasiri, akamtaka Mama Kwaya aache maelezo mapya kwa karani.

Aliyaandika ukumbini, kwa mkono, karatasi moja.

"Kumi na mbili zimekuwa moja?" karani akashangaa.

"Hii nimeiimba kabla ya kuiandika." Hakusema kwamba huenda hii ndiyo mara ya mwisho kuitwa. Akatupa mkoba begani, akatoka, na baada ya kitambo honi ya treni ikasikika.

Fundi alibaki kwenye benchi akingoja. Akaanza kuimba kwa sauti ya chini, peke yake, kisha akanyamaza. Karani aliyekuwa akigonga mihuri akausimamisha mkono hewani, muhuri haujashuka, akisubiri aendelee.