Sista Ottilia, Aliyewasadiki Mabinti wa Chuo

Alizaliwa tarehe 13 Desemba 1957 karibu na Kigonsera, katika familia ya wakulima wa kahawa, akabatizwa Ottilia kwa sababu siku hiyo ni ya mtakatifu huyo. Baba yake, Mzee Joakim Ndunguru, alitaka aolewe. Yeye akaomba utawa, akaweka nadhiri mwaka 1980. Alifundisha miaka mingi kwenye vijiji vya Ziwa Nyasa, hata akazungumza Kinyasa kama mzaliwa wa huko.

Mwaka 2014 alipelekwa kuwa mlezi wa wasichana katika chuo kimoja cha ualimu nje ya mji wa Mbinga. Miaka miwili baadaye, binti wa wavuvi aitwaye Hilda alimkuta akichambua maharage nyuma ya bweni. Alimwamkia, akaanza kumsaidia kuchambua. Kisha akaeleza kwamba mwalimu wa hisabati amemfelisha, na kumwambia afuate alama nyumbani kwake, peke yake.

"Sijaenda, Sista. Lakini nani atanisadiki?"

"Mimi nimekusadiki, mwanangu. Kaa hapa, tuandike yote kwa maneno yako."

Mkuu wa chuo alikasirika, akasema jina la chuo litachafuka. Walimu wakaacha kumsalimu Sista, na barua ikapelekwa kwa mama mkuu wa shirika ikidai aondolewe. Yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba siku zile aliogopa, chakula hakikupita. Hata hivyo kila mchana alibeba kiti akaketi nje ya ofisi ya mwalimu yule, akifuma sweta, na hakuna binti aliyeingia humo mlango ukafungwa.

"Unanilinda kama mwizi?" mwalimu alimfokea.

"Nawalinda watoto," akajibu, wala hakuinua macho.

Mama mkuu, Sista Walburga, hakumwondoa. Alikuja mwenyewe, akawachukua Ottilia na Hilda mpaka dawati la jinsia la polisi. Hilda alipokwisha kutoa maelezo, wiki ileile wasichana wengine kumi na mmoja walijitokeza, baadhi yao wakiwa wamenyamaza miaka mitatu. Waamini wengi hulitaja jambo hilo kama muujiza wake. Kanisa halijatamka lolote, nasi tunalisimulia tu. Mwalimu alishtakiwa, akahukumiwa. Karatasi ya Hilda iliposahihishwa na mtu mwingine, ilionekana alikuwa amefaulu vizuri. Sista alipopewa habari alikaa kwenye ngazi za kanisa, akacheka na kulia kwa pamoja, akisema, "Asante, Bwana, sasa nina njaa."

Tangu hapo alama hutolewa darasani, milango ya ofisi ina vioo, na wanafunzi wapya, wa kiume kwa wa kike, hufundishwa pa kupeleka taarifa.

Alifariki kwa amani mwezi Mei 2022. Hilda, aliye mwalimu leo, alisoma somo la kwanza katika misa ya mazishi. Tukishindwa kumwiga katika sala zake ndefu, tumwige katika hili: mtoto akija kutueleza, tumsikilize mpaka mwisho, tusimwulize alivaa nini, na twende naye anakohitaji kwenda.