Vidudu vya Muhogo wa Mama Mkwe Vilitoka Wapi?

Admin, posti hii lakini jina langu lisionekane, wanangu wako humu.

Mimi ni mama wa miaka sitini na kitu, naishi Migwani, Kitui. Niliolewa huku miaka ya themanini nikitoka pande za Kiboko, Makueni, na vile ilikuwa desturi kwetu, nilikuja na mbegu za muhogo kutoka shamba la mama yangu. Mwaka huo huo mume wangu, ambaye alituambia anafanya kazi ya mjengo Nairobi, akaleta miti mingine ya muhogo. Alisema amenunua sokoni. Mama mkwe akaipanda yote shamba moja.

Kiangazi kikaja, majani ya juu yakakunjamana, yakaanguka. Na nani alilaumiwa? Mimi! "Huyu msichana wa Makueni ametuletea ugonjwa," mama mkwe aliwaambia wamama wa kanisa. Hakuna aliyepokea mbegu mkononi mwangu tena. Nililia, jamani.

Siku moja akaja kijana wa utafiti, anazunguka Kitui na Makueni akichuma majani ili ajue utitiri gani, hivyo vidudu vya majani, umefika wapi. Akatuonyesha mimi na mume wangu kwa kioo cha kukuza.

"Mama, hawa ni ndugu lakini hawafanani. Hawa wekundu wa muhogo wako hukaa majani ya chini na kusuka utando, wako kila mahali Ukambani. Wa kijani ndio wanamaliza majani machanga, na wako kwa ile miti ya mumeo tu. Huku sijawapata popote. Wamejaa upande wa ziwa, karibu na Uganda."

Nikamtazama mume wangu. Jasho! "Huyo hajui kitu," akasema, na kabla kijana arudi, aling'oa muhogo wote akachoma. Nairobi na ziwa wapi na wapi? Tena mbegu ya muhogo mtu hupewa na mwenye shamba, na wenye kulima muhogo ni wanawake. Sikumuuliza ni mwanamke gani wa huko ziwani. Mama mkwe alikufa akiamini ni mimi.

Nimevumilia nikimlelea mzee vijana wake watatu. Wiki jana ameita mpimaji wa shamba, nikasikia na masikio yangu akimwambia: "Kata sehemu nne."

Nikamwambia, "Baba Mutua, watoto ni watatu."

Akasema, "Leta chai."

Jumamosi wazee wa ukoo wanakuja kushuhudia. Nikiuliza mbele yao, nitaambiwa navunja boma kwa sababu ya vidudu. Nikinyamaza, sehemu ya nne ya shamba la wanangu inaenda kwa mtoto wa ziwani nisiyemjua. Ningekuwa mama yenu, mngetaka niongee ama nilete chai?