Walimuaga Kabla ya Kibali

Mtaa mzima wa Bagira ulijua kwamba Marcellin, fundi wa friji, anakwenda Ulaya. Mkataba alikuwa nao. Kampuni moja ya kutunza vyumba vya baridi vya nyama ilikuwa imemtahini kwa simu, ikaona kazi anaijua, ikamwandikia. Kilichobaki ni kibali cha kazi na makazi, na kuhusu hicho ubalozi ulikuwa umeweka tangazo kwenye mtandao: maombi ya mafundi huchukua wiki nane hadi kumi na mbili.

Watu hawa hawa huicheka ratiba ya umeme. Wakiambiwa maji yatarudi Jumatatu, huchota ya wiki nzima. Lakini tangazo lile Jean-Claude, kaka yake Marcellin na mwalimu wa sekondari, alilisoma kwa sauti sebuleni mbele ya ukoo, na hakuna aliyelitilia shaka.

"Bazungu bakisema wiki kumi na mbili, ni wiki kumi na mbili. Adieu tuiweke ku wiki ya kumi."

"Yaya, tungoje kwanza viza ifike," Marcellin alimwambia kaka yake.

"Ukingoja viza utaondoka mbio mbio kama mwizi. Batu batasema tulikuficha juu ya roho mbaya."

Basi wakamuaga. Kulikuwa na misa, mbuzi, bia na hotuba, na baba yao, mzee Zagabe, akamwekea mwanawe mkono kichwani mbele ya parokia nzima. Desturi inamtaka anayeondoka asibaki na kitu cha kumvuta nyuma. Godoro likaenda kwa binamu, chumba kikapata mpangaji, na sanduku la vifaa, pamoja na wateja wote, likaenda kwa Chris, ambaye Marcellin mwenyewe alimfundisha kazi. Watu walichanga, na kila aliyechanga alimnong'oneza sikioni anachotaka: simu, viatu, mwaliko wa Ulaya kwa mwanawe.

Wiki ya kumi na mbili ikapita kimya. Alipofungua tena tangazo la ubalozi, namba ilikuwa imebadilishwa. Sasa ilisomeka miezi saba. Aliandika kuuliza. Akajibiwa na mashine kwamba maswali yanayoletwa kabla ya muda huo kwisha hayasomwi.

Bombani wanawake, ambao sasa walimwita Mwana-Poto, mtoto wa Ulaya, walikuwa wakimngojea apite.

"Eeh, Mwana-Poto! Ndege ilikosa mafuta?"

"Mumuache, iko anangoja theluji ikauke kwanza."

"Atapike basi mbuzi yetu!"

Alikwenda kwa Chris kuomba walau mita ya kupimia gesi, apate kazi ndogo ndogo. Chris hakuinuka kitini. "Patron, ulinipa mbele ya padiri. Kitu ya baraka hairudi. Kama uko na njaa, ukuje unibebee sanduku, nitakulipa ya siku."

Mzee Zagabe aliacha kwenda misa ya saa tatu, ile ya watu wengi. Hapo Jean-Claude akakata shauri. Mama yao alifunga begi, Marcellin akapandishwa boti ya alfajiri kwenda kisiwa cha Idjwi kwa Consolate, mdogo wa mama, na Jumapili iliyofuata Jean-Claude alisimama kanisani akawashukuru waumini: mdogo wake amefika Ulaya salama. Ilikuwa iwe uongo wa wiki chache.

Idjwi alipalilia maharage na kubeba mananasi. Consolate aliwaambia majirani kwamba ni mgonjwa wa kifua, kwa hiyo hawakumsogelea. Kila siku alipanda kilima mahali simu inaposhika, akaangalia hali ya maombi yake. Yalikuwa yanashughulikiwa. Miezi saba ikageuzwa kuwa kumi na moja.

Mzee Zagabe akashikwa na ugonjwa wa ini.

"Papa anakuuliza," Jean-Claude alimwambia kwa simu.

"Nakuja leo."

"Utakuja ukitoka wapi?"

Marcellin akaanza kutaja saa ya boti.

"Ukitoka wapi, Marcellin? Batu bamejaa humu ndani."

Mzee alikufa Jumatano. Msiba ukamdai mwana wa Ulaya, na Jean-Claude akapanga namna ya kumwonyesha kwa simu ya video. Marcellin alisimamishwa mbele ya ukuta mweupe wa kituo cha afya cha kule kilimani Idjwi, juani, amevaa koti zito alilonunua kwa ajili ya safari, amelifunga mpaka shingoni. Aliamriwa asisogee na asigeuze simu.

Upande wa pili simu ilipita mkono kwa mkono. Mara aliona ubao wa jeneza, mara paji la uso wa baba yake na pamba puani, mara kidole cha mtu. Aliwaomba waishikilie hapo, juu ya uso. Hakuna aliyemsikia; wote walitaka kumwona yeye.

"Amenona!"

"Angalia koti! Marcellin, tuonyeshe theluji!"

"Sasa jasho ni ya nini?"

"Ni chauffage," sauti ya Jean-Claude ikadakia. "Kule banawasha moto ndani ya nyumba."

Kisha mama yao akaichukua simu.

"Mutoto wangu, baba yako amekufa akikuita. Pesa ya Poto ni tamu kuliko baba? Ndege zote hizo, ukakosa hata moja?"

Waombolezaji wakaangua kilio. Marcellin alimkazia macho, akitafuta kope iliyoshuka, mdomo uliocheza, alama yoyote ndogo kwamba mama anaigiza. Hakuiona.

Mwezi wa kumi na nne ubalozi uliandika. Mkataba wake ulikuwa umepitwa na tarehe ya kuanza kazi. Alete mpya, vinginevyo faili litafungwa. Aliiandikia kampuni. Kampuni ilijibu siku hiyo hiyo: nafasi ilikwisha kupata mtu, inamtakia kila la heri.

Jean-Claude alivuka mwenyewe kwenda Idjwi kumchukua.

"Huwezi kurudi kama mutu hakuenda," alisema. "Kama haukuenda, basi papa tulimuzika bila wewe juu ya uongo, na uongo nilisema mimi, kanisani. Utarudi expulsé. Walikufukuza."

"Walinifukuza juu ya nini?"

"Utachagua. Mimi nimechoka."

Walifika Bagira mchana. Mama alikuwa uani akichambua maharage. Alimpa mkono mmoja, wa pili ukabaki kwenye ungo. Majirani waliingia mmoja mmoja, wakasimama kando ya ukuta. Aliyeuliza ni Marie-Louise, ambaye siku ya kumuaga alichanga kuliko wote kwa ajili ya mwaliko wa mwanawe.

"Mutoto wa Zagabe, bazungu bamekufukuza juu ya nini?"

Marcellin alipima. Akisema karatasi, watauliza karatasi zipi, na swali la tatu litafika Idjwi. Akisema ugomvi, watataka kujua na nani.

"Niliiba," alisema.

Mtu mmoja akaguna, karibu kwa kuridhika.

"Na baba yako iko mu kaburi," Marie-Louise alisema. "Uliiba nini?"

Alikuwa hajafikiria hilo. Akamgeukia mama yake, mtu pekee pale uani, ukimtoa Jean-Claude, aliyejua kwamba hakuwa ameiba kitu.

"Ataiba nini tena," mama akajibu, macho kwenye ungo. "Hata akiwa mudogo mikono yake ilikuwa hivyo."