Vidole vya Fundi Cherehani

Tarehe tisa Agosti, tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri, fundi cherehani alimsimulia mumewe mawingu yaliyopita chini ya ndege. Mzee alikuwa amepofuka mwanzoni mwa mwaka, na alipoambiwa kwamba binti yao amejifungua ughaibuni aliuliza tu, “Nikaone nini huko?” Mkewe hakubishana, alimpigia pasi mashati ya safari. Walipofika, aliushika mkono wa mumewe kama ashikavyo hariri isiyotaka mikunjo, akavipitisha vidole vya mzee taratibu juu ya uso wa mjukuu.

“Pua hiyo, baba watoto, ni yako. Tumwombee.”

Mzee alicheka hadi mtoto akaamka. Mwaka uliofuata, yeye ndiye aliyetangulia kufunga begi.